Nani alinakili chuo hiki? Injili, nakala na tafsiri mwambaoni

Neno moja linatosha kuwakosanisha watu wawili wenye nia njema. Hapa pwani, Mkristo na Mwislamu wanapozungumzia dini, neno hilo mara nyingi huwa Injili. Wote wawili wanalo, wote wanaliheshimu, na kila mmoja analo kwa maana yake.

Kwa Mwislamu, Injili ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, kama Musa alivyoteremshiwa Taurati, Daudi Zaburi na Mtume Muhammad Kurani. Kwa Mkristo, Injili kwanza ni habari njema, na pili ni masimulizi manne ya maisha ya Yesu yaliyoandikwa na watu: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Sasa Mkristo akifungua kitabu na kusema, "Tusome Injili kama ilivyoandikwa na Luka," yeye anadhani ametaja jina la shahidi. Mwenzake amesikia kitu kingine kabisa. Amesikia kwamba kitabu cha Isa hakipo, na kilichopo ni cha Luka. Hapo mashaka huanza, hata kabla aya ya kwanza haijasomwa.

Jambo hili nilishuhudia Mtangawanda miaka michache iliyopita. Wanaokijua kisiwa cha Pate wanajua kwamba Mtangawanda ndipo mashua za kutoka Lamu zinapotia nanga, na kwamba hapo maji ndiyo yenye amri. (Mtanga, kwa msomaji wa bara, ndio mchanga, Kiamu kina t mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina ch, kama nti na nchi.) Maji yalikuwa yamekupwa, nasi abiria tukakaa kivulini kusubiri. Kijana mmoja wa kutoka bara, mwenye adabu na Biblia mkononi, akaanza kumweleza imani yake mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu naye. Mzee alimsikiliza vizuri. Kisha akauliza:

"Mwanangu, chuo hichi nani alochinakili?"

Chuo, kwa wazee wa Pate na Lamu, bado ni kitabu. Ndiyo maana msomi ni mwanachuoni. Kijana hakutatizika na neno. Alitatizika na swali.

"Mzee wangu, hiki hakijabadilishwa. Hata herufi moja."

"Basi alochinakili hakuwa bin Adamu," mzee akasema bila ukali, akageukia habari za bei ya samaki.

Jibu la kijana lilitoka moyoni, hilo sina shaka nalo. Ila alilitoa mahali pabaya, kwa sababu hakuna kisiwa katika Afrika Mashariki ambacho watu wake wanajua vizuri zaidi maana ya kunakili kitabu kwa mkono. Katika kisiwa hichohicho uko Siyu, mji ambao katika karne ya 18 na ya 19 ulisifika kwa wanavyuoni na wanakili wake. Misahafu ya Siyu iliandikwa kwa wino mweusi na mwekundu, ikapambwa, ikajalidiwa. Mwanakili alikuwa mtu wa heshima, lakini kazi yake ilipitiwa. Neno lililorukwa liliongezwa pambizoni. Msahafu ulisomwa mbele ya aliyehifadhi, na kosa la kalamu likarekebishwa. Mtu aliyekulia katika mila hiyo hashangai kusikia kwamba mwanakili amekosea. Anachotaka kujua ni nani aliyemkosoa.

Na si misahafu tu. Tuchukue tungo zetu wenyewe. Utendi wa Tambuka, au Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Bwana Mwengo bin Athumani kwa ombi la mfalme wa Pate, na hunasibishwa na mwaka 1728. Una beti zaidi ya 1,100. Habari yenyewe ni ya Mtume kumpelekea barua Herekali, mfalme wa Rumi, kumwita aache imani yake kuhusu Isa na aingie Uislamu. Barua ikikataliwa, vita vinafuata. Kwa hiyo tungo mojawapo ya zamani kabisa tulizo nazo katika lugha hii inahusu mtu anayemwalika mwenzake katika dini, na mada ya mjadala ni Isa. Mjadala wa gatini haukuletwa Pate na vijana wa bara.

Lakini ninachotaka kuonyesha ni nakala zake. Hatuna hati aliyoiandika Bwana Mwengo kwa mkono wake, tuna nakala za nakala. Jan Knappert alipouhariri utendi huu na kuuchapisha mwaka 1958, ilibidi alinganishe hati moja na nyingine: hapa neno limebadilika, pale ubeti hauko mahali pake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni vivyo hivyo. Idadi ya beti na mpangilio wake hutofautiana kati ya hati na hati. Je, kuna mwalimu wa fasihi anayesema kwamba kwa sababu hiyo Al-Inkishafi imepotea? Sijakutana naye. Tunalinganisha, tunapima, tunaweka tanbihi, na mwishowe tunasoma shairi ambalo kwa sehemu kubwa sana tuna hakika nalo, na kwa sehemu ndogo tunabaki na maswali.

Agano Jipya la Kigiriki liko katika hali hiyohiyo, isipokuwa kwamba hati zake ni nyingi mno. Zimeorodheshwa zaidi ya 5,000, nyingine ni vitabu vizima na nyingine vipande tu. Kipande kimoja maarufu, cha Yohana sura ya 18, kiko Manchester katika maktaba ya John Rylands. Hakizidi ukubwa wa kiganja, na wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2. Hati kubwa mbili za karne ya 4, Codex Vaticanus na Codex Sinaiticus, ndizo zinazotegemewa sana. Hati zote hizi hazifanani neno kwa neno. Tofauti nyingi ni za tahajia, mpangilio wa maneno, neno lililorudiwa au kurukwa. Mambo ambayo mtu yeyote aliyewahi kunakili barua ya kurasa tano anayaelewa.

Nyingine si ndogo. Aya 12 za mwisho za Injili ya Marko, kuanzia 16:9, hazimo katika Vaticanus wala Sinaiticus. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika zinaa, Yohana 7:53 hadi 8:11, hakimo katika hati za kale kabisa za Injili hiyo. Maneno ya waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 5, yanayowataja mashahidi watatu wa mbinguni, Erasmus hakuyatia katika chapa zake za Kigiriki za mwaka 1516 na 1519. Aliyatia mwaka 1522 baada ya kulaumiwa, na leo karibu wahariri wote wanakubaliana kwamba si ya asili. Mambo haya hayakufichuliwa na maadui wa Ukristo. Yameandikwa na wasomi wa Kikristo, na matoleo mengi ya kisasa huyaonyesha kwa mabano au kwa maelezo chini ya ukurasa.

Kijana wetu angejibu kwa haya, mazungumzo yangeendelea. Angesema: zilinakiliwa na watu, watu walikosea, makosa tunayaona kwa sababu nakala ni nyingi na zilitoka nchi mbalimbali, kosa la mwanakili wa Misri halikumfikia mwanakili wa Shamu. Hakuna mfalme wala askofu aliyekuwa na mkono mrefu wa kuzikusanya zote na kuzigeuza kwa pamoja. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kwa upande wake, na haihitaji kudai kwamba hakuna herufi iliyoteleza. Atakayedai hivyo ataaibishwa na kitabu chake mwenyewe, maana maelezo yako pale chini ya ukurasa.

Hapa lazima niwe muwazi, kwa sababu hoja hiyo haimalizi swali la mzee. Mila ya Kiislamu huuliza isnadi: nani alipokea kwa nani, na huyo kwa nani, hadi kwa Mtume. Hadithi hupimwa kwa mnyororo wa majina na sifa za wenye majina hayo. Wakristo hawana mnyororo wa aina hiyo kwa Injili nne. Walicho nacho ni wingi wa nakala, tafsiri za kale za Kisiria, Kikopti na Kilatini, na waandishi wa karne ya 2 kama Irenaeus waliozitaja Injili nne kwa majina. Ni ushahidi wa namna nyingine. Anayeuliza kwa mizani ya isnadi na anayejibu kwa mizani ya nakala wanaweza kuzungumza kutwa nzima wasikutane, kila mmoja akiamini mwenziwe anakwepa. Vilevile, uthabiti wa nakala unatuambia kwamba tunasoma alichoandika Luka, au kilicho karibu sana nacho. Hautuambii kama Luka alisema kweli. Hilo ni la imani, na profesa wa lugha hana kipimo chake.

Turudi kwenye lugha, maana kuna tatizo la pili, nalo ni neno tafsiri. Katika Kiswahili neno hili lina kazi mbili. Ni kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine, na pia, kwa kufuata asili yake ya Kiarabu, ni kufafanua maana ya maandiko. Mkristo anaposema kwa fahari kwamba Biblia imetafsiriwa katika lugha mamia, msikilizaji wa Lamu anaweza kusikia kwamba kuna fafanuzi mamia. Anauliza asili iko wapi. Nalo ni swali la haki.

Asili ziko katika Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki. Zilivyoingia Kiswahilini ni historia ambayo Wakristo wengi wa Kenya hawaijui, nami naona wanajipunja.

Mwezi Mei mwaka 1844, Mjerumani Konstantin von Tischendorf aliziona kurasa za kwanza za hati ile ya Sinaiticus katika nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katerina, chini ya mlima Sinai. Mwezi uliofuata, Juni 1844, Mjerumani mwingine, Johann Ludwig Krapf, aliketi Mombasa kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hawakuwa na habari za kila mmoja. Krapf alikuwa mgeni asiyemaliza hata mwaka mwambaoni. Nani alimsaidia? Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, mzaliwa wa Barawa. Naam, kadhi. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani miaka michache baadaye katika jarida la American Oriental Society. Krapf mwenyewe aliacha herufi za Kiarabu zilizokuwa zikiandikia Kiswahili, akachagua za Kirumi, akihofia kwamba zile za awali zingewafungulia njia walimu wa Kiislamu. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mwanachuoni wa Pate aliyesoma na kuandika lugha yake maisha yake yote alipewa kitabu ambacho hakuweza kukisoma, kisha akaambiwa akiamini.

Unguja mambo yalikwenda hivyohivyo. Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye Agano lake Jipya kwa Kiunguja lilitoka mwaka 1879, alieleza katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 jinsi Sheikh Abdulaziz alivyojitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi kabisa. Wanahistoria humtambua kuwa ni Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, kadhi na mwanachuoni, naye pia mzaliwa wa Barawa, na mtu aliyesifika kwa kujadiliana na wamisionari hao hao. Kazi ilifika Zaburi ya 16 ikasimama. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Steere aliona Kiswahili chake ni cha kisomi mno kwa waumini aliowakusudia. Hata hivyo alizichapa zile Zaburi, kama kumbukumbu ya ukarimu wa Sheikh na kama mfano wa Kiswahili cha juu. Mimi ningetoa kitu kizuri kuona Zaburi nyingine zote 134 kwa kalamu hiyo.

Mombasa nayo ilikataa kusomeshwa kwa Kiunguja. William Taylor, aliyefika huko mwaka 1880 na ambaye tunamdaiwa hifadhi ya mashairi ya Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alishikilia kwamba Kimvita ndicho Kiswahili kinachostahili maandiko. Agano Jipya la Kimvita likatoka 1909 na Biblia nzima 1914. Biblia ya Kiunguja ilikuwa imeshatoka 1891. Mwaka 1937 ikaja ya tatu, ya Karl Roehl, Mjerumani wa Tanganyika aliyetaka kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Nia yake naielewa, ila matokeo yake siyasifu: huwezi kumshawishi mtu kwamba unazungumza naye kwa lugha yake huku ukiitoa lugha hiyo nusu ya msamiati wake.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1940, Mkristo wa Mombasa, wa Unguja na wa Dar es Salaam wangeweza kusoma aya moja kwa maneno matatu tofauti. Mtu wa nje akiona hivyo atasema nini? Atasema zimebadilishwa. Kumbe aya ya Kigiriki ni ileile, iliyotofautiana ni lahaja na falsafa ya mtafsiri. Kamati ya pamoja ilikaa, Agano Jipya la Union likatoka 1950 na Biblia nzima 1952. Ndiyo Biblia ambayo wengi wetu, Wakristo kwa Waislamu, tunaijua kwa masikio. Nasema Waislamu kwa sababu wahadhiri wa mihadhara ya miaka ya 1980 huko Tanzania, wakiwemo Ngariba na Kawemba waliotunga Uislamu katika Biblia, waliibeba Union hiyohiyo jukwaani na kuitaja kwa sura na aya kuliko mapadri wengi. Palikuwa na kinyume kidogo hapo: kitabu kinachosemwa kimepotoshwa kikitumika kama hoja. Wahubiri wa Kikristo nao walifanya hivyohivyo kwa Kurani, tena mara nyingi kwa tafsiri waliyoiokota popote.

Na tafsiri hiyo ina kisa chake. Kurani nzima ya kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili, mwaka 1923, haikutoka kwa mwanachuoni wa Lamu wala wa Unguja. Ilitafsiriwa na Godfrey Dale, kasisi wa UMCA, pamoja na maelezo yaliyokusudiwa kuwasaidia walimu wa Kikristo. Hapo swali la mzee wa Mtangawanda likageuka upande. Sasa Waislamu ndio walioshika kitabu chao kwa lugha yao wakiuliza: nani aliyekiandika hiki, na alikuwa na nia gani? Walikuwa na haki ya kuuliza. Mtu anaweza kujua sarufi ya Kiarabu vizuri sana na bado asiaminiwe, kwa sababu kinachopimwa katika tafsiri ya maandiko ni elimu ya mtafsiri na pia mahali anaposimama.

Mwaka 1953 Sheikh Mubarak Ahmadi alitoa tafsiri ya pili, nayo ikapingwa na masheikh wa Kisunni kwa sababu ni ya Waahmadia. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mhariri wa gazeti la al-Islah, alikuwa ameanza yake mwenyewe lakini akafariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Sehemu yake ilichapishwa baadaye. Aliyekamilisha kazi ni Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Qurani Takatifu yake ilitoka nzima mwaka 1969, ikachapishwa Nairobi na Islamic Foundation, huku Kiarabu na Kiswahili vikiwa pamoja ukurasani ili msomaji aone asili na tafsiri kwa jicho moja. Biblia ya Kiswahili iliyopangwa hivyo, Kigiriki upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, ningependa sana kuiona mikononi mwa wanaosafiri kwenda Pate.